Prado Iliyozimika Kasindaga

Tulitekwa msitu wa Kasindaga, mchana kweupe, dada yangu akiwa na uchungu wa kuzaa kiti cha nyuma.

Mwaka 2005 huo. Enzi za wakimbizi, gari halikupita pale bila eskoti ya polisi. Sisi hatukuisubiri. Deodata alikuwa anatoka damu, na Ngara daktari wa kupasua alikuwa safarini, tukakimbilia hospitali ya mkoa.

Dereva alikuwa mumewe, Audax. Ufunguo wa Prado ulimvunjikia asubuhi hiyo. Mimi fundi funguo, nikamchongea mwingine wa chuma. Kuuprogramu bado, umeme ulikatika. Nikachomoa chipu ya ufunguo wa zamani, kidude kidogo kuliko harage, nikaifunga kwa uzi pembeni ya swichi ya kuwashia gari. Bila chipu hiyo, injini inawaka mara moja inazima.

Basi bwana, kona moja, gogo barabarani. Wanaume wanne. Bunduki moja, mapanga matatu.

"Shukeni! Na huyo mama mvuteni!"

Wakamtupa Deodata kwenye majani. Mkubwa wao akapanda, akawasha.

Prado ikanguruma, ikazima.

Akarudia. Ikazima.

Nikachungulia swichi. Uzi upo. Chipu haipo.

"Wewe wa ovaroli, gari lina nini?"

"Linataka kompyuta, kaka. Iko Ngara."

Kitako cha bunduki kikanipasua sikio.

Wakamgeukia Audax. "Dereva, umelifanyaje?"

Kimya.

"Kumbe bubu! Ngoja tumpe sauti."

Wakamlaza mkono juu ya gogo. Panga la kwanza, vidole viwili. La pili, cha tatu. Hakulia. Niliyelia ni mimi.

"Shemeji, sema chochote!"

Akanitazama tu. Wakamtwanga kitako cha bunduki mdomoni. Damu ikachuruzika, meno kayauma vilevile.

Mara mlio wa lori la eskoti, kule mteremkoni. Jamaa wakatimkia porini.

Nikamkimbilia. "Wewe mtu gani, hata kupiga kelele?"

Akanishika mkono, akatema kiganjani mwangu. Damu. Meno mawili. Chipu.

"Ifunge," akasema. "Mke wangu anakufa."

Nikaifunga. Prado ikawaka, haikuzima tena.

Ndugu msomaji, ukiona mtu anateswa na kanyamaza, usimwite bubu. Huenda mdomoni kambeba mtu wake.

Tulichoacha pale: vidole vitatu vya Audax, meno yake mawili, na sikio langu la kushoto, halisikii hadi leo.

Deodata alifika hai.

Mtoto hakufika.