Mrunda Uliofungwa Kwenye Chuma

Asubuhi ile msimamizi aligawa kofia ngumu na mikanda ya usalama bila kumgombeza mtu, nasi tukaanza kutazamana. Tangu tuanze kujenga ghorofa lile la Bariadi, vichwa tulifunga kanga na fulana tu. Leo kuna nini?

"Ukianguka nao, watasema hukuufunga vizuri," fundi wa plasta alisema, akiupindua mkanda kama nyama asiyoiamini.

Alikuwa mtu mzima aliyetoka Nkoma, na mimi ndiye niliyempandishia udongo wa saruji. Nilikuwa binti mwenye raha zangu: kila nikipanda ngazi najichagulia kichwani chumba kitakachokuwa changu, na rangi ya pazia.

Kilichotutia shaka zaidi ni jukwaa. Mirunda yetu, zile nguzo za miti, ilikuwa imeondolewa, pamesimamishwa jukwaa la chuma. Mrunda ukizidiwa na uzito unalia, nawe unashuka mapema. Chuma kimenyamaza tu.

"Kinawaza nini hicho?" fundi akaniuliza.

Akachukua mrunda mkavu, akaufunga kwa kamba ya katani ubavuni mwa chuma, ili ulie kwa niaba yake.

Msimamizi akacheka. "Mzee, umekiwekea chuma mlinzi?"

"Nimekipa mdomo."

Akalazimishwa kuvaa mkanda, akapanda. Nilipofika juu ya ngazi na ndoo, nikaona kulabu ya mkanda ameitundika kwenye mrunda.

"Baba, hapo pameshikwa na kamba tu. Ukiteleza unaondoka na mti wako."

"Huu naufahamu."

"Hamishia kwenye chuma."

"Mayu, na wewe umetumwa na msimamizi?"

Iliniuma. Siku zote huniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, lakini si kwa sauti ile. Nikaikumbatia ndoo.

"Sikupi udongo mpaka uhamishe."

"Utakauka."

"Ukauke."

Mafundi wa upande wa pili wakaanza kutucheka, eti mama na mwanawe wamegombana. Akaguna. Akafungua kulabu polepole, akaitundika kwenye chuma, kisha akaivuta mara kadhaa akikikazia macho. Ndipo akapokea ndoo.

Alipiga plasta hadi jioni kwa mkono mmoja. Wa pili aliuacha kwenye mrunda. Mimi kila nilipopanda, niliangalia kulabu kwanza, kisha uso wake, na habari za pazia sikuzikumbuka tena siku ile.