Mistari niliyoiruka nikimsomea Hooyo barua za Madam Nekesa

Wakuu, habari za hapa. Mimi ni yule mtu wa kusoma nyuzi za wengine halafu anaondoka polepole bila kusema kitu. Leo nimejikaza niandike yangu.

Sitaongeza chumvi. Niko na diary yangu ya darasa la saba hapa kando ya keyboard, na mengi nayatoa humo. Mkiona naandika taratibu, ni juu kuna jamaa hapa nyuma yangu kwa cyber anachungulia screen.

Sasa niko Form Three, boarding huko Kajiado, lakini nyumbani ni Kitengela. Asili yetu ni northeastern. Baba hufanya biashara ya mbuzi na ng'ombe, kwa hivyo siku nyingi yuko sokoni Kajiado ama yuko njiani. Mama, ambaye sisi tunamwita Hooyo, ako na duka ndogo ya vitambaa na madera hapa town. Mimi ndiye kifungua mimba, naitwa Hodan.

Hooyo hajui kusoma. Hakuwahi kuketi kwa dawati hata siku moja.

Lakini hiyo kichwa yake, wacheni tu. Anakumbuka nani alinunua kitambaa gani Idi ya mwaka juzi, na siku hiyo alikuwa amevaa viatu gani.

Sasa, shule yetu ya msingi ilikuwa na headteacher anaitwa Madam Nekesa. Mama mrefu, mtu wa western, anatembea na gumboots kuanzia mvua ya March mpaka iishe. Watoto walikuwa wanasema analala nazo.

Madam Nekesa alikuwa na mtindo wake. Kila Ijumaa kila mtoto anaenda nyumbani na barua. Ukurasa mmoja, wa Kiswahili, umechapwa na ile mashine ya stencil, wino unakupaka vidole mpaka nyumbani.

Ndani ameandika mambo yote ya wiki. Mid-term inaanza lini. Watoto wasipite kwa mto ukiwa umejaa. Watu wetu wa riadha wamerudi kutoka Kajiado na vikombe viwili. Pundamilia wameruka ua tena na wamekula sukuma yote ya shule, mzazi aliye na waya wa ziada atusaidie.

Chini kabisa kuna kipande cha kukata na makasi. Mzazi anaweka sahihi, unarudisha Jumatatu. Usiporudisha unasimama nje ya ofisi yake, na anakuja kukuuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuko salama. Hiyo sauti ya chini ilikuwa mbaya kuliko kiboko, honestly.

Kwetu mimi ndiye nilikuwa namsomea Hooyo. Anaweka kitambaa chini, anaketi kwa ile stuli ya plastic, anasema, "Soma. Nasikia."

Nikimaliza anachukua biro na kuweka sahihi yake.

Hapa nieleze kidogo. Sahihi ya Hooyo haikuwa jina. Ilikuwa alama ambayo babu alikuwa anapiga ngamia wake na chuma cha moto, ili watu wajue hawa ni wa nani. Mstari mmoja umesimama, kiduara juu, na mkia mdogo unaenda upande wa kulia. Aliijua tangu akiwa mtoto. Alikuwa anaichora polepole, ulimi umetoka kidogo kando ya mdomo.

Mimi niliipenda hiyo alama, mpaka siku ya mkutano wa kufungua term.

Siku hiyo kitabu cha mahudhurio kilizungushwa, kila mzazi anaandika jina. Hooyo akachora alama yake. Kijana mmoja wa darasa letu alikuwa amesimama nyuma akaona.

"Haiya! Mama Hodan amesaini kijiko!"

Kicheko, wakuu. Kutoka hapo jina langu shuleni likawa Kijiko. "Kijiko, leta chaki." "Kijiko, uji imefika, kuja ukoroge." Mimi ni mtu wa aibu hata bila kusaidiwa, nikaanza kutembea nikiangalia viatu.

Ndio nikaanza kuruka mistari.

Nikiona Madam ameandika wazazi waje kupanda miti, naruka. Wazazi wa class seven wakutane na class teacher, naruka. Namsomea Hooyo ya pundamilia na ya mto, naishia hapo. Kuna mistari mingine pia nilikuwa naruka kwa sababu tofauti kabisa, nitafika huko.

Ningesema nilikuwa namlinda mama asichekwe, lakini hiyo ni nusu. Nusu ile ingine nilikuwa najilinda mimi.

Halafu ikaja barua ya Siku ya Wazazi.

Niliisomea njiani, mvua ikininyeshea, nikasimama kwa matope. Ilisema kila mzazi wa darasa la saba atasimama mbele ya darasa asome insha ya mtoto wake kwa sauti, ili watoto wasikie kazi yao ikitoka kwa mdomo wa mzazi. Chini kulikuwa na masanduku mawili: nitakuja, sitakuja.

Mama ya Faith wa darasa letu ni nurse. Baba ya kijana wa kijiko ni karani ofisi za serikali Kajiado. Na Hooyo wangu asimame hapo na daftari asilojua hata liko juu ama chini?

Hiyo barua haikufika dukani. Niliweka alama ya tiki kwa "sitakuja", nikachora alama ya babu mwenyewe nikiwa nyuma ya choo ya shule, haraka haraka. Jumatatu nikarudisha.

Nimeandika kwa diary: "Leo nimefanya kitu kibaya na hakuna mtu anajua." Nilijidanganya vizuri.

Jumanne saa kumi niko dukani nakunja madera, nikasikia gumboots kwa mlango.

Madam Nekesa.

Akamsalimia Hooyo, akaulizia Baba, akashika kitambaa kimoja akakisifu. Halafu akatoa kile kipande kwa mfuko.

"Mama Hodan, nimekuja kuuliza tu. Nimesikitika kusikia hamtaweza kuja."

Hooyo akakichukua. Akakiangalia, akakisogeza karibu na mwanga.

"Hii si yangu."

"Hata mimi niliona," Madam akasema. "Mkia wako huenda kulia. Mimi huziangalia, mama. Ndiyo sahihi ya pekee shule nzima ambayo mtu ametulia akaiandika."

Nilikuwa nimechora mkia kushoto, wakuu.

"Kushoto ni watu wengine," Hooyo akasema, bado anaangalia karatasi. "Hao tuligombana na wao kwa kisima. Ngamia wa baba yangu ukimpiga hii, umempatia adui."

Madam Nekesa akacheka mpaka akashika meza. Mimi nilitamani vitambaa viniangukie.

Nilingoja anichongee. Hakunichongea. Hakuniangalia hata. Alivuta stuli, akatoa barua, akasema, "Basi leo nitakusomea mimi mwenyewe."

Akasoma yote, kutoka tarehe mpaka jina lake. Alipofika kwa ile ya kusoma insha akapunguza sauti. "Lakini mama, unaweza kuja kuketi tu. Mimi nitasoma kwa niaba yako, na hakuna mtu atauliza."

Hooyo akachukua biro, akachora alama yake, mkia kulia.

"Nitakuja."

Madam alipoondoka nilianza kulia kabla hata sijaulizwa kitu.

"Nilijua unaruka," Hooyo akasema kwa lugha yetu. "Macho yako yanashuka mistari mitatu na mdomo umenyamaza. Mimi sijui kusoma karatasi, lakini wewe najua kukusoma."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani shule imeandika mabaya juu yetu, na wewe unanificha nisiumie. Nikaona nikuache ubebe ukiweza."

Hapo, wakuu, ndio niliisha. Huyu mama alikaa miezi miwili akifikiria shule haitutaki, na bado kila Ijumaa anaketi kwa stuli ananiambia soma, nasikia.

Siku moja kabla ya Siku ya Wazazi aliniambia nilete daftari la insha. Nikamsomea. Akasema tena. Nikamsomea tena. Mara ya tatu alifunga macho. Halafu akaenda kupika.

Asubuhi mvua ilinyesha. Mnaojua hii udongo nyeusi ya Kitengela mnajua, kila kiatu inabeba kilo mbili. Hooyo akaja na dera jipya la kijani, matope mpaka kwa magoti. Soldier wa gate, mzee wa Kimaasai, akamsalimia, "Sopa, yeyo!" Akajibu "Ipa!" kama mtu ako kwake.

Wazazi wakasoma. Mama ya Faith alisoma kama mtangazaji wa redio. Halafu class teacher akaita jina langu.

"Hodan."

Hooyo akasimama. Madam Nekesa naye akainuka kidogo kwa kiti, tayari kusaidia. Hooyo akamwonyesha kwa mkono akae.

Alichukua daftari, akalifunga, akaliweka kifuani.

"Mimi sijui kusoma," akasema kwa Kiswahili chake. "Lakini hii insha nimesikia. Sasa nyinyi sikieni."

Akaanza. Insha yangu ilikuwa ya siku pundamilia walipoingia shuleni. Aliitoa yote kwa kichwa, neno kwa neno, hata pale nilipoandika "ghafla bin vuu". Alipofika kwa mpishi kukimbiza pundamilia na mwiko, darasa lilicheka, na safari hii hawakuwa wanamcheka Hooyo.

Katikati akasimama.

"Hapa Hodan ameandika walikuwa sita. Mimi niliwaona wakipita nyuma ya duka. Walikuwa tisa."

Darasa likapasuka kwa kicheko. Alipomaliza, kijana wa kijiko ndiye alipiga makofi wa kwanza. Sikumsamehe siku hiyo. Nilimsamehe mwezi wa sita hivi.

Mngedhani imeisha. Bado.

Jumapili, baada ya lunch, Hooyo akatoa mkebe wa biscuit chini ya kitanda. Barua zote za term zilikuwa ndani, zimekunjwa nne nne.

"Anza ya kwanza. Usiruke."

Nikasoma. Ya miti. Ya class teacher. Kila mahali nilipokuwa nimeruka alikuwa anasema, "Ehe, hapa ndio," kabla sijafika. Alikuwa anakumbuka mashimo yote.

Tukafika barua ya tano. Nikakwama. Hii ndio ile sababu tofauti niliyowaambia.

"Soma."

"Hooyo, si ya maana."

"Hodan."

Nikasoma, uso unachoma. "Insha bora darasa la saba mwezi huu imeandikwa na Hodan. Tunawashukuru wazazi wake kwa malezi mazuri."

Niliiruka juu ya aibu tu. Nilishindwa kujisifu kwa mdomo wangu mwenyewe mbele ya mama yangu.

Hooyo akasema, "Rudia." Nikarudia. "Ile ya wazazi peke yake." Nikarudia hiyo.

Akaniambia, "Zile zingine ulinificha. Hii uliniibia."

Akachukua biro, akainama, ulimi kando ya mdomo, na hapo kando ya huo mstari akachora alama ya babu. Kiduara, mstari, mkia kulia. Vile watu wake huweka kwa kitu ambacho ni chao.

Hiyo barua iko nami boarding. Madam Nekesa alihamishwa mwaka uliofuata, sijui yuko shule gani. Kama kuna mtu hapa mtoto wake huleta barua kila Ijumaa na mwalimu amevaa gumboots, tafadhali mwambie Hodan anamsalimia.

Kitu nilijifunza: nilidhani nikikata mabaya nampunguzia mama uchungu, na yeye alijaza hayo mashimo na mabaya zaidi. Na mazuri pia ni yake, sina ruhusa ya kumnyima juu mimi naona haya.

Vijana wenzangu mnaosomea wazazi barua, ama message kwa simu, mnasoma yote? Semeni ukweli, sitawacheka. Na wazazi mlioko humu, mlikuwa mnajua?

Huyu jamaa wa nyuma ameacha kuchungulia, anafuta macho. Saa yangu ya cyber nayo imeisha.