Mwaka wa Nane wa Laptopu Yangu

Mume wangu anafanya kazi ofisini Songea, na huko ofisini wamemwambukiza kanuni: laptopu hubadilishwa kila baada ya miaka minne, iwe nzima iwe mbovu. Mimi ni mwalimu wa jiografia na kanuni yangu ilikuwa fupi zaidi: laptopu hubadilishwa ikifa. Basi kila likizo tulikuwa na ugomvi wetu mdogo. Yeye alinyoosha kidole kwenye nafasi ya herufi N iliyong'oka, mimi nikamwambia hata yeye ana jino lililong'oka na sijamrudisha kwao.

Ukweli niliuficha. Mwaka ule wa nane, ndani ya laptopu mlikuwa na utafiti wangu wa shahada, kazi ya miaka miwili, kuhusu akina mama wa mwambao wanaokausha usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa. Nilikuwa nimefundisha kwa diploma tangu ujana, sasa nikisoma shahada kwa masafa, na nilitakiwa kuuwasilisha utafiti ule kabla ya Krismasi. Nakala nyingine haikuwepo. Flashi yangu moja nilimwazima mwalimu mwenzangu, ikarudi imejaa virusi, nikaitupa kabatini pamoja na hasira zangu. Nikabaki na hofu ya ajabu kwamba nikianza kuhamisha kazi kwenda kwenye mashine mpya, itadondoka njiani. Ubahili nilioujivunia mbele ya mume wangu ulikuwa woga mtupu.

Likizo ya Desemba ilinikuta kwa mama mkwe, kijijini Mbuji, milimani, huku mume wangu akiwa bado kazini. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza kunguruma. Nilihitaji kuteremka ziwani, vijiji vya Lipingo na Mbaha, kwa siku tano, kuhakiki majibu machache kwa wale akina mama. Barabara ile ukiwa na bahati unalowa mara moja tu, kwa hiyo niliamua laptopu ibaki.

"Mama, nitunzie hii," nilimwambia. "Isilowe, isiibiwe. Kazi yangu yote ya miaka miwili imo humu."

Aliipokea kwa mikono miwili. "Nimesikia, Mwalimu. Nenda kwa amani."

Sasa nieleze Kiswahili cha mama mkwe. Lugha yake ni Kimatengo. Kiswahili kwake ni cha kanisani, cha sokoni, na cha kuongea na mkwe aliyetoka ziwani, ambaye Kimatengo chake kinawachekesha hata kuku. Katika Kiswahili chake hicho, chakula huwekwa, nguo huwekwa, hata fedha huwekwa. Kinachotunzwa ni mbegu peke yake. Na nyumbani kwake mbegu hukaa kwenye dari la jikoni, juu kabisa ya mafiga, moshi uifukize kutwa kucha wadudu wasiisogelee. Likizo ngapi nimekaa jikoni mle nikimsikia akisema "haya tunaweka, haya tunatunza", na sikuwahi kujiuliza kwa nini anatenganisha maneno hayo. Mwalimu mzima.

Huko ziwani kazi ilikwenda vizuri kupita matumaini yangu. Akina mama walinijibu, wakanirekebisha, wakanitania kwamba nimekwenda kuolewa milimani nikasahau kutofautisha usipa wa jua na usipa wa moshi. Nilipanda kurudi na daftari limejaa na moyo mwepesi.

Nilifika Mbuji saa nane mchana. Baada ya shikamoo na marahaba, na maji ya kunywa, nikauliza laptopu iko wapi. Mama mkwe akaelekeza kidevu juu, uso umejaa fahari.

Nilipanda ngazi ya dari. Laptopu ilikuwa imeviringishwa kwenye kitenge chake cha kanisani, kile cha sikukuu, na kitenge kilikuwa kimegeuka rangi ya sufuria. Niliifungua. Masizi yalikuwa yameingia katikati ya vibonye. Mashine ilikuwa na joto kama sahani iliyotoka mekoni. Nilibonyeza pa kuwashia, nikabonyeza tena, haikutoa hata mlio.

"Mama, umeniua!" nilipiga kelele. Nasema kelele, si sauti ya juu. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alitoka nje kuangalia kuna nini.

"Uliniambia nitunze," alisema mama mkwe, taratibu.

Nikamjibu kwamba hata mtoto mdogo anajua mashine haipikwi. Maneno hayo niliyasema kwa mama wa mume wangu, nyumbani kwake, na najisikia vibaya hata leo kuyaandika. Alichukua ncha ya kanga yake akaanza kuifuta masizi laptopu iliyokuwa mikononi mwangu. Mimi nikaitia kwenye mfuko, nikaita bodaboda, nikaondoka kwenda Mbinga mjini bila kuaga.

Fundi niliyemkuta alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyeanza na redio za mbao enzi hizo. Aliinusa laptopu kabla ya kuishika.

"Mwalimu, hii mnapikia?"

Sikuwa na nguvu ya kucheka. Nilimweleza. Akaifungua skrubu moja moja, akazipanga kwenye kifuniko cha chupa, akanyanyua kifuniko cha chini. Akaniita nisogee. Betri ilikuwa imevimba kama andazi.

"Ni moshi?" niliuliza.

"Moshi umeongeza tu. Tazama hapa plastiki ilivyopinda, na alama za kupinda zimeshika vumbi la siku nyingi. Hapa pa kusogezea mshale palikuwa pagumu kubonyea?"

Palikuwa pagumu tangu Juni. Nilidhani ni vidole vyangu vinazeeka.

"Betri ndiyo ilikuwa inapasukuma kutoka chini," alisema. "Na wewe unaiweka mapajani unaandika. Mama amekuponza, lakini amekuleta hapa kabla haijashika moto. Mshukuru."

Aliing'oa betri kwa uangalifu, akaipeleka nje mbali na watu. Akasafisha masizi kwa brashi ya kupakia rangi, akaunganisha umeme moja kwa moja, akabonyeza. Feni ilikohoa. Kioo kikawaka. Utafiti wangu ulikuwepo wote, mpaka sentensi niliyoikatisha katikati siku ya kuondoka. Nilishika meza ya fundi nikamshukuru Mungu kwa sauti, na mteja mwingine aliyeleta simu yake akaitikia amina.

Nilipopata pumzi nilimuuliza lile swali la nyumbani kwetu: laptopu inatakiwa kubadilishwa kila baada ya miaka mingapi?

"Swali hilo huulizwa na watu wasiofungua mashine zao," alisema. "Hii ina miaka minane, na ukiipa betri mpya itakufikisha unakokwenda. Kuna nyingine zinaletwa hapa na miaka miwili, zimekwisha. Wewe iangalie kila mwaka. Ikikataa kazi yako, ibadilishe. Lakini kazi isikae ndani ya mashine moja hata kama mashine ni ya jana." Akanakili utafiti wangu kwenye flashi mbili, moja nikaitia kwenye pochi na nyingine kwenye soksi.

Nikampigia mume wangu. Nilimkubalia nusu: sitasubiri ife tena, na yeye aache kuhesabu miaka, kila likizo ya Desemba tutaipeleka kwa fundi ifunguliwe, na fundi ndiye aamue. Alicheka, akasema kumbe ameoa mwanasheria. Kisha akauliza kama nimeongea vizuri na mama yake. Nikamwambia mtandao unakatika.

Nilirudi Mbuji jua likizama, na sukari mkononi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kuomba radhi. Wifi alinipokea mlangoni akanivuta pembeni kabla sijaingia.

"Usimwambie kwamba nimekwambia," alisema. "Juu ya mafiga penyewe pana nafasi ndogo. Alishusha mbegu zake ili mashine yako ikae pale pazuri. Akaziweka chini, nyuma ya mtungi. Panya wamekula."

Nilimkuta jikoni amekaa chini, ungo mapajani, akichambua. Magunzi yalikuwa mengi kuliko punje. Ilikuwa mbegu aliyoichagua mwenyewe shambani, hindi kwa hindi, na mvua ilikuwa imeshafika mlima wa pili. Nilipiga magoti. Nilisema tu, "Mama, nisamehe. Na mbegu zako?"

Hakuniangalia kwanza. "Imepona?" aliuliza.

"Imepona, Mama. Yote ipo."

Hapo ndipo alipoacha kuchambua, akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu nilipoondoka.

"Basi vizuri, mwanangu," alisema. "Mbegu jirani atanigawia. Hiyo kazi yako, ningemwomba nani?"