Deolina Wawili

Nikisikia harufu ya dawa nyeusi ya viatu, ile ya kwenye kikopo cha bati, narudi moja kwa moja uani kwetu Nyantakara, wilayani Biharamulo. Baba alikuwa akiuza viatu vya mitumba. Siku zisizo za gulio alikaa kwenye kigoda nje ya mlango, ameinamia kiatu kilichovaliwa na mtu asiyemjua katika nchi asiyoijua, anakisugua mpaka kinang'aa. Kazi yangu ilikuwa kutafuta kamba zinazofanana. Tukiwa hapo nilimwomba anisimulie jambo ambalo sikuchoka kulisikia: jinsi alivyolitunga jina langu.

"Deo ni mimi, Deogratias," alisema. "Na Lina ni mama yako, Paulina. Nilikaa siku tatu nikiyapanga. Hakuna mwingine duniani, mama. Hata ukipotea wakakutangaza redioni, nitajua ni wewe."

Jina hilo lilipigiwa kelele kabla sijafungua macho vizuri. Bibi, mama yake baba, aliyehama na familia kutoka Shinyanga, alitaka niitwe Minza kama mama yake mzazi. Alisema Deolina ni jina la dawa ya kikohozi. Katekista naye aliuliza sikukuu ya mtakatifu huyo ni lini, na kwa kuwa hakuna aliyejua, nikabatizwa Anna. Mtetezi wangu alikuwa mama. Alimwambia bibi kwa heshima, bila kutikisika: "Mama, mume wangu ameniweka ndani ya jina la mtoto. Ni wanawake wangapi wamefanyiwa hivyo?" Bibi aliacha kubisha, ila mpaka anafariki aliniita Minza.

Mimi nililipenda jina la Deolina kupita kiasi. Darasani tulikuwa na Neema wanne na Maria watatu, ambao mwalimu alilazimika kuwaita pamoja na majina ya baba zao. Mimi nilikuwa Deolina tu, na nilitembea kama mtu aliyevaa gauni la sikukuu siku ya kazi.

Nilipokuwa na miaka kumi, kwaya ya shule yetu ilialikwa na shule moja ya Kasulo, upande wa Ngara, ambako baba alikwenda gulioni kila wiki na kulala siku mbili. Nilimwomba anisindikize. Aliacha kidogo kusugua kiatu, kisha akasema wiki hiyo ana gulio jingine.

Tuliimba, tukapigiwa makofi, kisha tukaketi kwenye majani kusubiri wali na maharage. Mwalimu wa shule mwenyeji alikuwa akisoma orodha ya wanafunzi wake, kila anayetajwa anakwenda kuchukua sahani. Akaita, "Deolina Deogratias!"

Nikasimama. Upande wa pili akasimama msichana mwingine, mrefu kunizidi, mwenye sketi iliyofifia.

Watoto wakacheka. "Wewe wa Biharamulo keti, zamu yenu bado," mwalimu aliniambia kwa upole. Nikaketi, masikio yakiwaka moto.

Baada ya chakula yule msichana alinifuata. Alikuwa darasa la sita, mimi la nne.

"Na wewe unaitwa Deolina?" aliuliza, kama mtu aliyekuta nguo yake kwenye kamba ya jirani. "Jina hilo ni langu. Baba alilitunga. Deo ni yeye, na Lina ni mama, Angelina. Alisema hakuna mwingine duniani."

Sikutaka kuuliza, lakini mdomo uliuliza wenyewe. "Baba yako anauza viatu?"

"Ndiyo."

"Ana kidole gumba kisicho na kucha?"

"Cha kushoto," alijibu, na sasa hata yeye sauti ilikuwa imepungua.

Tulitazamana. Kisha aliangua kilio na kukimbia. Mimi sikulia. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikihesabu miaka: yeye kumi na miwili, mimi kumi. Jina langu lilikuwa limeshavaliwa.

Baba aliporudi nilimwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kwenye kigoda. Nikamuuliza, "Baba, jina langu ulilitoa wapi?" Nilitamani ajikwae kidogo tu, akohoe, atazame pembeni. Alicheka. Akalisimulia lote upya, siku tatu zilezile, redio ileile, kwa uso uleule niliokuwa nimeupenda maisha yangu yote. Hapo ndipo kitu kilipokatika ndani yangu.

Kesho yake nilifuta jina kwenye madaftari yote, nikaandika Anna. Mwalimu alipoita Deolina, nikasema, "Amehama." Nyumbani pia nilikataa kuitikia. Baba alidhani ni utoto. Mama aliliona daftari, akalifunga taratibu.

Siku hizi nafundisha darasa la awali. Kila mwaka wazazi vijana huniletea majina ambayo hayajawahi kuandikwa popote, Josefrida, Elimarina, na walimu wenzangu hucheka na kulalamika kwamba majina ya mababu yanakufa. Mimi naandika tu. Mwaka huu, baada ya uandikishaji, nilikwenda kumsaidia mama kupukuchua maharage, nikamuuliza alijua lini.

"Ulikuwa hujaanza hata kutembea," alisema. "Mwanamke mmoja wa Kasulo alinipongeza sokoni. Aliniambia nina moyo mkubwa, kumwita mwanangu jina la mtoto wa mke mwenzangu."

"Na bado ukaendelea kuniita hivyo?"

"Ningemwambia nini bibi yako? Niligombana na ukoo mzima kwa ajili ya jina lile." Alipepeta kidogo. "Halafu Paulina nayo inaishia na Lina. Nilijiambia hivyo kila nilipokuita."

Miaka yote nilijiona mimi ndiye niliyesalitiwa. Nilipolitupa jina lile nilidhani namwadhibu baba. Sikujua kwamba kila jioni, mama aliposimama ukingoni mwa shamba la mihogo akiniita kwa sauti kubwa, jina zima bila kulikata, alikuwa akimeza kitu ambacho mimi nilishindwa kukimeza hata siku moja. Alikimeza miaka tisa, ili mimi niendelee kuringa.