Mdakaji wa Baní na Mwizi, Mwanawe wa Ubatizo

Saa kumi na moja jioni, Evaristo Tejeda amechuchumaa nyuma ya mpigaji, kinga ya chuma usoni, na uwanja mzima wa besiboli wa Baní, hapa Jamhuri ya Dominika, umesimama. Ngoma zinalia. Mama mmoja anapuliza filimbi kama trafiki.

Ni zamu ya mwisho ya mchezo. Baní wanaongoza kwa pointi moja na amebaki mtu mmoja wa kutolewa. Mkimbiaji wa La Vega, wapinzani wao, yuko kituo cha kwanza, anataka kuiba cha pili, yaani achomoke kabla mpira haujapigwa. Kumzuia ni kazi ya Varo, kama wanavyomwita hapa: audake mpira wa mrushaji wake, autupe kituo cha pili kabla mwizi hajafika.

Wiki hii wamemwibia mpaka imekuwa aibu. Ana miaka thelathini na saba na magoti yamekwisha. Asubuhi kocha Fausto Pimentel alimwambia bila kuzunguka kwamba akiibiwa tena leo, kesho anadaka kijana. Kijana mwenyewe yuko benchi, amekwishavaa kinga za miguu.

Mdomo wa Varo, lakini, haujazeeka. Anamuuliza mpigaji kama ni kweli mkewe amerudi kwao.

"Amesharudi kwangu," anajibu mpigaji. "Goti lako je, litarudi lini?"

Hata mwamuzi anacheka.

Yule mkimbiaji ni Leuri Melo, mbio zake hazisemeki, na ni mtoto wa ubatizo wa Varo. Kwetu mtoto hafiki wala haondoki mbele ya baba wa ubatizo bila kuomba baraka, hata akitumwa chumvi dukani. Leuri alipokuja kupiga aliinamisha kichwa.

"Nibariki, baba."

"Mungu akubariki, mwanangu," akajibu Varo, kisha akamwagizia mpira wa mbavuni. Leuri akaupiga vilevile, akafika kituo cha kwanza.

Sasa, kutoka kituo cha kwanza, Leuri anamtazama Varo na kuinamisha kichwa kidogo. Ni mazoea tu, wala hajui kwamba ameaga. Varo anamwitikia kwa kichwa, halafu anampa mrushaji ishara: mpira wa kasi, mbali na gongo.

Leuri anachomoka. Mpira unaingia kwenye glovu, Varo yuko wima, mkono umeshafyatuka. Mpira unafika kituo cha pili kabla ya Leuri. Vumbi tupu. Mwamuzi anakunja ngumi hewani: Leuri ametoka, mchezo umekwisha. Mimi, mwandishi nisiye na upande, najikuta nimemkumbatia muuza karanga.

Kocha anamwambia kijana avue kinga zake. Kesho anadaka Varo.

Goti likiwa kwenye barafu, Varo ananieleza ile siri ya kichwa huku akicheka: Leuri haibi kituo bila kumuaga kwanza. Anataka kudaka mpaka afikishe arobaini, na wezi kama Leuri ndio watakaoamua. Namuuliza kama haogopi Leuri akiisoma habari hii.

"Andika tu," anasema. "Huyo alifundishwa kuomba baraka kwa kandambili ya mama yake. Gazeti lako litamfundisha nini?"