Njia za Mchwa Walizonitunzia

Nina tabia ambayo mke wangu ameikemea mpaka amechoka. Nikiingia nyumba ya mtu, kabla sijakaa, nagonga nguzo. Nagonga mara mbili kwa kifundo cha kidole, natega sikio. Mti mzima hujibu kwa sauti kavu, iliyokaza. Ulioliwa hujibu kama debe tupu. Kuna msiba mmoja niligonga nguzo ya sebule huku shehe anaomba dua, na mke wangu hakusema nami mpaka kesho yake.

Tabia hiyo niliitoa kazini. Miaka ile ya vijiji vya Ujamaa nilikuwa mkaguzi wa majengo, ofisi yangu Singida mjini. Jengo la umma halikufunguliwa kabla sijalipekua kutafuta mchwa na wadudu wengine walao miti. Nilikuwa kijana, cheti changu bado kinanuka wino, na hasira zangu zilikuwa karibu sana. Nilijiona najua kila kitu kuhusu mchwa. Kuhusu watu nilikuwa sijui hata robo.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote nilipelekwa kijiji kimoja upande wa Ikungi, ndani kidogo kutoka barabara ya Dodoma. Wanakijiji walikuwa wamejenga zahanati kwa mikono yao. Kuta zilikuwa za miti iliyokandikwa udongo, kama walivyozoea kujenga tembe zao, ila juu waliezeka bati badala ya udongo. Mkunga wao alikuwa amekwisha teuliwa, naye yuko mjini anasubiri karatasi yangu. Nikiandika jengo linafaa, anakuja. Nikiandika halifai, anapelekwa kijiji kingine, na hakuna aliyejua wa pili angepatikana lini.

Nilifika kwa baiskeli, vumbi mpaka kwenye kope. Kijiji kizima kilikuwa nje. Jiko la jirani lilinukia kuku, nami nikajua kuku huyo ni wangu. Mwenyekiti wa kijiji alinipokea kwa mikono miwili.

"Karibu, Ndugu Mkaguzi. Tumesafisha siku tatu. Hutaona hata chembe ya udongo wa mchwa."

Nikaingia, nikashika kichwa. Kuta zilikuwa zimekandikwa upya, udongo bado mbichi, laini kama ugali uliosongwa na mtu mwenye subira. Sakafuni zilibaki alama za ufagio tu.

Lazima nieleze kwa nini nilishika kichwa. Mchwa hapendi jua. Akitoka ardhini kwenda kwenye mti hujijengea njia ya udongo, nyembamba kama kidole, inayopanda ukutani. Bungua naye, yule mdudu atoboaye mti, huangusha unga laini chini ya tundu lake. Njia na unga ndivyo vinavyomwambia mkaguzi mahali pa kuchimba. Watu hawa walikuwa wamekwangua kila njia na kufagia kila chembe ya unga, kwa sababu mgeni anakuja, na nani anampokea mgeni nyumba ikiwa chafu?

Nikagonga nguzo. Udongo mbichi ulimeza sauti. Nikagonga nyingine, ikajibu vilevile, du, du. Kutoboa kila mti ukutani ilikuwa ni kuibomoa zahanati nzima. Hasira zikanipanda. Nikasema moyoni, hawa wamenificha mchwa kwa makusudi. Nikatoa kalamu, nikafungua daftari, nikaandika herufi mbili za kwanza za neno "halifai".

"Mwanangu, mbona umenuna? Hatukukandika vizuri?"

Aliyeuliza alikuwa mama mmoja mzee, udongo umemkauka mpaka kwenye viwiko. Ndiye aliyewaongoza wanawake wenzake kukandika. Nikaona aibu, maana kwa hasira zangu nilikuwa nimempita mlangoni bila salamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, sasa sema."

Hakungoja jibu langu. Yeye akaendelea. Alinionyesha mkwewe, mwanamke kijana aliyesimama karibu na dirisha, mimba yake imeshuka. Mtoto wa kwanza wa huyo mkwe alizaliwa juu ya mkokoteni wa ng'ombe, njiani kwenda hospitali ya Singida.

"Tulipofika Mandewa, pale pa kuingia mjini, mtoto alikuwa ameshalia," alisema. "Mungu alisaidia. Lakini huyu wa pili namtaka azaliwe chini ya bati hili."

Kalamu ikawa nzito. Nikafunga daftari, na ili kupoza moyo tu, wala si kwa ujanja wowote, nikamwambia, "Mmekandika vizuri sana, mama. Ni wapi palipowapa kazi kubwa?"

Kumbe hilo ndilo swali walilokuwa wakilisubiri siku zote tatu!

"Kona hii!" mwanamke mmoja akadakia. "Mchwa walikuwa wamepanda mpaka kwenye kenchi za paa. Nimekwangua ndoo nzima."

"Ndoo moja tu?" mwingine akamcheka. "Njoo uone hapa mlangoni. Mimi mkono ulivimba."

"Na ule mti wa juu pale unatoa unga. Leo nafagia, kesho upo tena, kama mtu anasaga."

Wakawa wanashindana, nami naandika mbio mbio. Mwenyekiti akakohoa. Akakohoa tena. Kisha akawaambia kwa Kinyaturu wanyamaze, wasijimalize wenyewe. Mimi ni wa Iramba, lakini Kinyaturu nakisikia nusunusu, na hilo nililisikia lote. Yule mama akamjibu kwa Kiswahili ili nami nisikie.

"Mwenyekiti, mficha uchi hazai. Na hii ni nyumba ya kuzalia."

Watu walicheka mpaka mwenyekiti naye akashindwa kujizuia. Nami nilicheka, na hasira zote zikaishia hapo.

Nilichimba kwa bisibisi pale tu waliponionyesha. Kwenye kona ile chuma kilizama mpaka mpinini. Nguzo nne zilikuwa zimeliwa, na boriti moja ya juu, zote miti iliyojengewa na magome yake. Nyingine zilikuwa nzima. Nikamwambia mwenyekiti kwamba zikibadilishwa hizo, jengo linafaa. Wanaume wakaleta magogo ya mninga, mti mgumu kwa mchwa, tukayamenya, tukayapaka oili chafu sehemu za kuzikwa. Nililala kwa mwenyekiti siku mbili, na yule kuku alifuatwa na wenzake. Nilipoondoka, karatasi ya mkunga ilikuwa imesainiwa.

Nikimuaga yule mama nilimwambia, "Siku nyingine nikija, msifagie. Njia za mchwa niachieni nizione." Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayeelekezwa kumeza dawa.

Nilirudi mwaka uliofuata, mvua zikiwa zimekwisha. Barazani kulikuwa na akina mama na watoto wao wanasubiri zamu. Yule mama alinishika mkono kabla sijagonga nguzo yoyote. Mgongoni alikuwa na mjukuu mnene, kalala.

"Huyu mkokoteni haujui," alisema.

Akanipitisha katikati ya watu mpaka kona ya chumba cha ndani. Pale ukutani ilipanda njia moja ya mchwa, ndefu, nzima, haijakwaruzwa hata kidogo. Walikuwa wameizungushia matawi ya miiba, kama wanavyozungushia boma la ndama.

"Mkunga alitaka kuikwangua, nikamkatalia," alisema. "Wiki tatu tunawafukuza kuku wasiidonoe. Tumekutunzia, mwanangu."

Nikagonga nguzo iliyokuwa karibu nayo, na mninga ukajibu kwa sauti kavu. Mchwa walikuwa hawajafika ndani ya mti. Mimi mwenye hasira za karibu nilisimama pale machozi yananilenga, sijui niyaweke wapi mbele ya akina mama wote wale. Nilimshukuru kwanza, tena kwa dhati, ndipo nikaomba ufagio.