Pua ya Fundi Ayubu

Rumonge nzima inanuka mawese. Mgeni akishuka tu kwenye basi hukunja uso, ila mwenyeji hata hajui kwamba kuna harufu. Lakini Ayubu, fundi wa magari ya otomatiki nyuma ya soko, alijua vizuri, maana kwake ilikuwa imekatika. Homa ya masika ilimlaza kitandani, na alipoinuka alikuta dunia imenyamaza puani. Mawese hayanuki, ndagala walioanikwa ufukweni hawanuki, hata mafuta ya giaboksi hayanuki.

Hayo mengine angeyavumilia. La mafuta ya giaboksi ndilo lililomtoa jasho.

Maana gari la otomatiki halina klachi ya kukanyaga. Ndani ya giaboksi lake, au bwate kama wanavyosema huku, mna visahani vilivyopangwa kimoja juu ya kingine: cha chuma kitupu, kisha kilichovikwa karatasi ngumu, kisha cha chuma tena. Vyote vinaogelea katika mafuta mekundu, na ni mafuta hayo hayo yanayovibana na kuviachia. Ayubu aliviona mara ya kwanza akiwa kijana anayejifunza kazi Buyenzi, kule Bujumbura, siku walipofungua gari la mbio. Mwalimu wake alimwambia kwamba nguvu za farasi mia tatu zinashikwa na karatasi iliyolowa mafuta. Ayubu alikaa chini sakafuni, akasema Subhanallah. Leo kichwa kimejaa mvi, na bado hajawahi kufungua giaboksi bila kulisema tena.

Karatasi hiyo ikiungua, mafuta huchukua harufu ya chapati iliyosahaulika kikaangoni. Fundi huchomoa kijiti cha kupimia, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena na kunusa. Kwa kunusa huko Ayubu alipata jina kuanzia Kabezi mpaka Nyanza-Lac. Watu walinunua magari kwa neno lake. Wakishasema Ayubu amenusa, mjadala umekwisha.

Sasa alikuwa hanusi, na hakumwambia mtu. Aliinamia kijiti, akafumba macho, akavuta pumzi kwa mbwembwe zilezile za zamani, kisha akaamua kwa rangi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wazee hawakukosea. Lakini ukiwa na garaji lako na jina lako, kusema si jambo jepesi, na mimi simlaumu sana.

Jumamosi moja likaja gari ambalo Rumonge haijaliona. Lilikuwa la buluu, la milango minne, limelala chini, na lina mngurumo uliosikika tumboni kabla ya masikioni. Wanawake sokoni waliacha bei katikati ya mdomo. Ayubu mwenyewe alilizunguka kimya, mikono nyuma, kama anavyozunguka mtu aliyeingia nyumba ya watu wakubwa.

Aliyelileta alikuwa Lukeba, muuza magari mwenye miwani myeusi na maneno mengi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na Lukeba alikuwa amelitembeza gari lile mji mzima tangu asubuhi. Mnunuzi alikuwa Revokatus, mfanyabiashara wa mchele wa Nyanza-Lac, aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania na kuota gari la mbio tangu akiwa peku. Kesho yake alitaka kupanda nalo milima ya Bururi pamoja na mkewe, watoto na mama yake mzazi. Alikuwa anangoja kitu kimoja tu, nacho ni neno la Ayubu.

Ayubu aliacha injini ipate moto. Alipitisha gia zote, akaona gari linachelewa kidogo kushika, kama mtu aliyeitwa akaitika baada ya kufikiri. Akachomoa kijiti. Mafuta yalikuwa mekundu, maangavu, hayana doa. Akavuta pumzi na hakupata kitu.

Watu walikuwa wamewazunguka. Ayubu aliufikiria mlima ule, lori nyuma na korongo pembeni, visahani vinateleza, injini inalia na gari halipandi. Aliogopa. Aliogopa pia kusema hajui, mbele ya watu wote wale, na ukweli ni kwamba hakujua ipi kati ya hofu hizo ilikuwa kubwa zaidi.

Hapo ndipo mkewe Kadidja alipofika na chakula cha mchana. Kadidja ameuza mawese maisha yake yote. Alimtazama mumewe usoni mara moja, akaweka sufuria chini, akachukua kijiti mkononi mwake kana kwamba anamsaidia kukipangusa. Mafuta aliyadondoshea kiganjani, akaanza kuyasugua kwa viganja viwili, vile wanavyofanya wauzaji wa mawese. Sokoni wako wajanja wanaochanganya mawese ya zamani na mapya. Pua ikigusa tu, inapata mapya. Sugua mpaka mkono upate moto, na ya zamani yatajitokeza yenyewe.

Alinusa, akasubiri, akasugua tena, akanusa tena. Kisha akamwinamia mumewe sikioni.

"Baba Fahima, mafuta hii ni mupya juu, ya zamani iko ndani, na iliungua," alisema polepole. "Sema weye. Watu wanangoja."

Ayubu alielewa mara moja. Ukimwaga mafuta ya giaboksi, kiasi kikubwa hubaki kimejificha katika ngoma inayoliunganisha na injini. Mtu anaweza kumwaga na kujaza mapya mpaka rangi ikang'aa, lakini ya ngomani yapo, na gari likipata moto hutoka. Ayubu alilijua hilo tangu Buyenzi. Na huyu mwanamke, ambaye hajawahi kushika spana, alikuwa amelifikia kwa viganja vyake.

Tena alikuwa amempa maneno mdomoni. Ilibaki ainue kichwa tu, aseme kwamba amenusa, na jina lake lingekaa palepale. Alikwisha kufungua mdomo. Kisha akawaza Jumatatu, Kadidja yuko sokoni na gari jingine limesimama hapa, na watoto wa watu wameketi ndani yake.

"Bwana Revokatus," alisema, "mimi sinusi tena. Tangu ile homa, pua yangu ilikufa. Ni huyu bibi yangu amenusa, na bwate imeungua."

Lukeba akacheka, akauliza tangu lini gari la mbio linapimwa na muuza mawese. Ayubu aliomba ruhusa ya kulisogeza gari juu ya shimo la kazi na kulifungua chini, na Lukeba alipoanza kutafuta funguo katika kila mfuko, Revokatus alikuwa tayari anazo mkononi.

Sampu, beseni la chini linaloshika mafuta, ikashushwa. Sumaku zake, zinazonasa unga wa chuma, zilikuwa zimevaa tope jeusi, nene. Filta ilikuwa imeziba kwa vipande vidogo vidogo, na Ayubu akabandua kimoja kwa ukucha, akakiinua juani ili wote waone. Kilikuwa karatasi, imeungua. Akasema Subhanallah, na safari hii hakuwa analitazama giaboksi. Alikuwa anaitazama mikono ya mkewe.

Revokatus alikaa juu ya tairi. "Mama yangu angekaa hapo mbele," alisema.

Ayubu alimuuliza mkewe kwa sauti ya chini kama alikuwa anajua habari ya pua. Kadidja akamjibu kwamba aliwahi kumpikia maharage aliyoyaunguza makusudi, naye akala, akasifu, akaomba mengine.

Basi Ayubu akaanza kukusanya spana zake. Fundi asiyenusa amejitangaza mwenyewe mbele ya soko zima, na magari yaliyokuwa yanangoja zamu yataondoka sasa hivi. Hakutaka kuyatazama yakigeuza. Alisikia boneti ikifunguliwa, kisha nyayo.

Alikuwa Pontiani, dereva wa teksi ya Gitaza, mtu wa ulimi mkali asiyemsitiri mtu. Alikuwa na kijiti cha gari lake mkononi, kinadondoka. Akampita Ayubu kana kwamba ni mti wa uzio, akasimama mbele ya Kadidja, akakinyoosha kwa mikono miwili.

"Mama, nakuomba uninusie na ya mimi," alisema. "Kila siku napakia watu."

Kadidja hakukipokea. Alimtazama mumewe kwanza. Ayubu akaacha spana chini, akatafuta kitambaa kisafi, akashika viganja vya mkewe na kuvifuta mafuta, kimoja kimoja, mpaka vikawa tayari kwa gari linalofuata.